Hadithi au muziki: ni lazima niache kimoja?

Mwalimu wa Tukuyu:
Wakuu, habari za jioni. Huku mvua inapiga bati tangu saa nane, mazoezi ya kwaya yameahirika, nimebaki na jambo langu.

Nafundisha sekondari na kutunga nyimbo za kwaya. Usiku nikishasahihisha, naandika hadithi. Daftari ni moja: mbele hadithi, ukiligeuza nyuma ni nota za d r m za sauti nne. Kurasa zinakaribia kukutana. Juzi kaka yangu kaniambia, "Mdogo wangu, mshika mbili moja humponyoka. Chagua."

Nimekuwa nikisoma habari za Anthony Burgess, Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1917. Hajatimiza miaka miwili, mafua ya 1918 yakamchukua mama na dada yake. Baba alikuwa mpiga piano wa baa, ila mtoto alijifundisha muziki mwenyewe baada ya kusikia redioni kazi ya Debussy, mtunzi wa muziki Mfaransa. Alitaka kuusomea chuo kikuu, fizikia ikamkwamisha! Akasoma Kiingereza. Dunia inamjua kwa riwaya ya A Clockwork Orange (1962), naye alitamani watu wamwone kama mwanamuziki anayeandika riwaya. Hapo niliiweka simu chini nikakaa kimya.

Waliomsoma: kimoja hakikumwibia kingine?

Binti wa Mafinga:
Shikamoo mwalimu. Mimi naona muziki wake ulisubiri foleni. Aliiandikia okestra nota tangu ujana, lakini aliyetoka kwanza ni mwandishi: riwaya yake ya kwanza ilichapishwa 1956, akiwa na miaka 39, mwalimu kama wewe, huko Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Alijifunza Kimalei pamoja na hati zake za Kiarabu, kama zile walizoandikia wazee wetu wa pwani. Simfonia yake ya tatu, yaani kazi ndefu ya okestra, ilipigwa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1975. Miaka 58! Usiache.

Mzee wa Uyole:
Mwalimu, kaka yako anakutakia mema, usimkasirikie. Lakini mtazame huyo bwana. Mwaka 1959 alianguka darasani huko Brunei. Alivyosimulia mwenyewe, aliambiwa ana uvimbe kwenye ubongo na amebakiwa na mwaka mmoja, akaandika riwaya mfululizo ili mkewe abaki na chochote. Akaishi hadi 1993.

Kwa swali lako, tafuta Napoleon Symphony ya 1974. Ni riwaya, ila kaijenga juu ya simfonia ya tatu ya Beethoven, sehemu nne kwa sehemu nne. Asiyejua muziki asingethubutu. Hapo nani kamwibia nani?

Mwalimu wa Tukuyu:
Marahaba binti. Mzee wangu, shikamoo, na asante sana.

Umenigusa penye kidonda. Nina hadithi ya wachuma chai wanne wa Katumba, imenikwama tangu Januari. Nimeisoma tena sasa hivi nikaona kosa: kila mmoja anangoja mwenzake amalize ndipo aseme, kama watoto darasani. Kwenye kwaya siandiki hivyo. Besi huingia sauti ya kwanza ikiwa bado imeshikilia neno lake.

Nimefungua ukurasa wa katikati, pale hadithi na nota zinapokutana. Mama mmoja anaanza kulalamikia mizani, wa pili anamwingilia kabla hajataja kilo. Mvua bado inanyesha, na taa ipo.