Tupeane uzoefu: majani ya chai na viungo ulivyovuna mwenyewe, unavituliza vipi kwenye chupa baada ya kukausha?

Mkulima wa Kibarazani

Habari za muda huu wadau. Nimefungua huu uzi maana naona maelekezo ya kupanda yapo mengi sana, mnanaa, mrehani, mchaichai, rozimari, mpaka namna ya kukata matawi ili mmea uchanue vizuri, ila ikifika siku ya kuvuna mtu anaambiwa "kausha kivulini, hifadhi sehemu kavu" halafu basi. Na hapo ndipo mavuno ya watu yanapopotelea. Unakuta mtu kalea mmea vizuri kabisa halafu anaishia kuwa na chupa ya majani ya kahawia yananuka kama nyasi zilizolala kwenye maji.

Mi naanza na kwangu. Navuna asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, na mnanaa na mrehani navuna pale vitumba vya maua vinapoanza kuonekana, maana mafuta yanayoleta harufu yanakuwa mengi kipindi hicho. Vishada vidogo vidogo, nafunga kwa raba sio kamba, kwa sababu vijiti vikikauka vinasinyaa, kamba inalegea na kishada kizima kinadondoka, raba inazidi kubana. Naning'iniza kichwa chini kwenye chumba chenye giza, na feni inazungusha hewa ya chumba, haipulizi majani yenyewe.

Sasa ninapotaka tuongelee hasa ni baada ya hapo. Majani yakianza kusagika mkononi wengi wanaona tayari, wanajaza chupa, wanafunga, wanaweka kabatini. Kijiti ndani bado kina maji, na katikati ya jani lenyewe pia. Ukifunga chupa yale maji yanatoka kwenye kijiti yanarudi kwenye jani, kesho yake ukifungua jani lililokuwa linasagika limelainika tena. Hiyo ndiyo hatua naiita kutuliza, unaacha unyevu ujigawe sawa halafu unautoa kidogo kidogo kwa kufungua chupa kila siku. Wiki ya kwanza nafungua kila siku, natikisa, naacha wazi dakika kadhaa, nanusa. Wiki ya pili naruka siku. Ikifika ya tatu harufu inakuwa imebadilika kabisa, ule ukali wa majani mabichi unapungua na harufu ya mmea wenyewe inabaki safi.

Karibuni, kila mtu aseme la kwake na mmea wake.

Bint Mchaichai

Asante kaka kwa uzi, hili jambo linanigusa sana. Mi mmea wangu mkubwa ni mchaichai na nataka niseme mchaichai haufanani na mnanaa hata kidogo. Jani la juu linakauka haraka, ila ule mguu mweupe wa chini una tabaka juu ya tabaka, maji yanajificha humo. Mi natenganisha kabisa, majani natengeneza vipande vya urefu wa kidole nakausha peke yake, miguu napasua katikati kwa urefu halafu nakata vipande vyembamba naweka trei nyingine. Na havikutani kwenye chupa moja mpaka vyote viwe vimetulia, kwa sababu ukichanganya mapema mguu unanyeshea jani.

Kwenye chupa sijazi mpaka juu, naacha kama robo tupu ili nikitikisa vijichanganye. Kama vinashikana vinakuja donge moja basi bado, natoa vyote narudisha kwenye trei. Vikigongana na kioo vikatoa sauti kavu hapo naridhika.

Mzee wa Mizani

Salaam kwenu nyote. Mimi nitaongelea mizani tu maana naona watu wanatumia vidole na masikio, vinasaidia ila mizani ya jikoni inasema kitu ambacho kidole hakisemi.

Mnanaa mbichi sehemu kubwa ni maji, kati ya asilimia 80 na 85. Jani kavu la kuhifadhi linabaki na kama asilimia 10 hivi. Kwa hiyo ukipiga hesabu, kilo 1 ya mnanaa mbichi itakupa takriban gramu 170 mpaka 220 za kavu. Ukipima trei ukakuta bado una gramu 300, hata kama jani linasagika namna gani, ndani kuna maji. Mi napima kabla sijaning'iniza, naandika kwenye karatasi, halafu napima kila siku muda ule ule. Uzito unashuka kwa kasi mwanzoni, baadaye unashuka pole pole, na ukisimama siku mbili mfululizo ndipo naenda kwenye chupa. Hata kwenye chupa naendelea kupima chupa yenyewe, nikifungua kutoa unyevu inashuka gramu moja moja, ikiacha kushuka kazi imeisha.

Mama Rozela

Shikamoo Mzee wa Mizani, hapo umeniongezea kitu. Mimi ni rozela, lile ua jekundu, na wanaokausha rozela watanielewa lina tabia yake. Kwanza lazima utoe lile tunda la katikati lenye mbegu ukiwa bado na ua bichi, nasukuma na kibomba chembamba kutoka chini linatoka zima. Ukiliacha ndani hata ukae mwezi halikauki. Halafu ile nyama nyekundu ni nene na ina asidi na sukari, inakauka nje inakuwa kama ngozi huku ndani inanata.

Rozela inavuta unyevu wa hewani kupita majani yote niliyowahi kukausha. Unaitoa kwenye trei jioni imekauka safi, ukiilaza wazi usiku wa mvua asubuhi inapinda bila kuvunjika. Kwa hiyo mimi kwenye kutuliza sifanyi kama mlivyosema ya kufungua kila siku bila kuangalia hali ya hewa, kama nje kuna mvua au ukungu wa asubuhi chupa haifunguliwi, maana utakuwa unaingiza unyevu badala ya kuutoa. Nasubiri mchana mkavu. Na kipande kimoja nakikunja kila ninapofungua, kikipinda kama mkanda bado, kikikatika kimefika.

Mkulima wa Kibarazani

Shikamoo mama. Hili la mvua ni la muhimu sana na sijawahi kuliona limeandikwa popote, watu wanaambiwa tu fungua chupa kila siku. Nimelichukua.

Fundi Vipimo

Wadau mnaotegemea kunusa na kukunja, kuna vile vipima unyevu vidogo vya duara au vya kidijitali, vinaingia ndani ya chupa. Mi naweka kimoja kwenye kila chupa mpya, nafunga, naacha saa 24 halafu nasoma. Hewa ya ndani ya chupa inalingana na unyevu wa majani kwa hiyo namba unayoisoma ndiyo hali halisi ya mzigo. Ikiwa juu ya asilimia 65 ya unyevu wa hewa mi hata sijadili, vyote vinarudi kwenye trei siku hiyo hiyo. Kati ya 60 na 65 nafungua chupa, naacha wazi saa moja mbili, nafunga tena nasoma kesho. Chini ya 60 hakuna ukungu wala bakteria anayeweza kukua, hiyo ndiyo namba ninayoitaka, na kwa majani ya chai ya kukaa muda mrefu napenda iwe 50 mpaka 55.

Ila hivi vipimo vya bei ndogo vinadanganya, viwili vya aina moja ukiviweka pamoja kimoja kinasema 58 kingine 66. Kabla hujakiamini kipime kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya kawaida ya jikoni, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko na kipimo chako ndani ya chupa ya kioo, funga vizuri, acha usiku kucha kwenye joto la kawaida la chumba. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hivyo inakaa kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 70 basi ujue kinapunguza 5, andika kwa kalamu ya wino mgongoni mwake "+5" na maisha yanaendelea. Nafanya hivi kila msimu maana vinahama vyenyewe.

Nyota ya Asubuhi

Kaka Fundi naomba kuuliza, sina hicho kipimo, je nikiweka mchele au vile vifuko vya silika jeli ndani ya chupa si unyevu unanyonywa wenyewe bila kufungua fungua?

Fundi Vipimo

Dada silika jeli inanyonya kweli, mchele unanyonya kidogo sana usiutegemee. Shida ni kwamba kifuko kinatibu chupa ambayo iko karibu na kufika, sio chupa yenye vijiti vibichi. Ukiweka kifuko kwenye majani yenye maji kinashiba haraka halafu kinakaa tu. Na kinaficha dalili, unadhani uko salama. Mi nakiweka mwisho kabisa, chupa ikishatulia, hasa kwa rozela ya mama hapo juu.

Kivuli Kizuri

Mimi nataka kusema kuhusu joto kwa sababu kuna watu wanakimbilia oveni na mashine ya kukaushia wanaweka nyuzi 60, 70 ili wamalize siku moja. Mafuta ya mnanaa na mrehani yako kwenye vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya jani, huvioni kwa macho, joto likizidi mafuta yanapaa na hewa. Ile harufu nzuri inayojaa nyumba nzima wakati oveni inafanya kazi ndiyo hiyo imetoka kwenye jani na hairudi. Nyuzi 35 mpaka 40 za Selsiasi zinatosha kwa majani. Na ukikimbiza joto jani linajifunga nje kabla ndani hakujatoka maji, hapo ndipo unapata lile tatizo la kulainika kwenye chupa.

Jua la moja kwa moja nalo silipendi kwa majani, linachujua rangi ya kijani na kuiba harufu.

Mrehani ndio mgumu kuliko yote upande wangu. Ukilikunja au kulibana jani lake linageuka jeusi, na ukilikausha pole pole sana kwenye kishada kikubwa linageuka jeusi pia. Nachuma jani moja moja, nalilaza kwenye neti bila kugusana, hewa inapita juu na chini, hapo linabaki kijani. Kazi ni nyingi, ila ukifungua chupa miezi baadaye unaona thamani yake.

Na tafadhali msisage majani kabla ya kuhifadhi. Yaacheni mazima, yasageni siku ya kutumia. Kila ukivunja unapasua vile vifuko vya mafuta.

Mama Rozela

Kweli kabisa mwanangu, jani zima hukaa mwaka na bado likanukia. Lililosagwa halifiki mbali.

Daktari wa Bustani

Naomba niongeze kuhusu ukungu kwa sababu nimekutana na watu wanaosema "nimetoa sehemu yenye ukungu nikabakiza nzuri, na si nitachemsha". Hapana jamani. Baadhi ya kuvu wanaotoa ukungu, kama Aspergillus flavus, wanatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini, na hiyo sumu haiuliwi na maji yanayochemka. Iligundulika baada ya mwaka 1960 ambapo Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa kula chakula chenye karanga zilizoingia kuvu. Chupa ikionyesha nyuzi nyeupe au kijivu, vumbi la kijani, au ikinuka kama godoro lililolowa, inamwagwa yote. Inauma, najua, ni jasho la mtu, lakini inamwagwa.

Angalieni zaidi maua kama kamomaili. Petali zinakauka haraka sana, ile kofia ya njano katikati inachelewa. Pasua kofia moja kwa kucha uone ndani kabla ya kujaza chupa.

Bint Mchaichai

Na wadudu je? Kuna wale wa kahawia wadogo wa mviringo wanatoboa mpaka karatasi, waliingia kwenye rozimari ya jirani yangu.

Daktari wa Bustani

Hao hupenda sana mitishamba mikavu na viungo. Chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana inawazuia kuingia, ila mara nyingi mayai huwa yameshaingia wakati wa kukausha. Majani yakishatulia na unyevu uko chini ya 60, funga chupa weka kwenye friza la nyuzi hasi 18 kwa wiki nzima. Ukiitoa usiifungue hapo hapo, iache mezani imefungwa mpaka ipoteze ubaridi wote, kesho yake ndio ufungue. Ukifungua ikiwa ya baridi unyevu wa hewa ya chumba utageuka matone juu ya majani na utaanza kazi ya kukausha upya. Rozimari inavumilia hilo vizuri, majani yake ni magumu na yana nta.

Nyota ya Asubuhi

Nimeelewa, asanteni sana. Mnanaa wangu upo kwenye neti saa hizi, kesho nauweka kwenye mizani kwanza kabla ya chupa. Mwenye uzoefu na majani ya mlimau naye aje aseme, yale magumu yanayong'aa, yanahitaji kutulizwa kweli au yakikauka yamekauka?

Mzee wa Mizani

Yanahitaji, tena uti wa katikati wa jani ndio unachelewa. Vunja jani kwa kukata uti, ukisikia "ta" liko tayari, uti ukipinda ngoja. Kwenye chupa yape siku chache tu za kufungua na kutikisa, hayana mambo mengi kama rozela.