Matokeo ya mdogo wangu mmeyaona kwenye mfumo, nafasi ya chuo mkampa, halafu mkamfukuza kwa cheti kilichochelewa siku nne!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, na tangu Novemba nimejizuia kuandika nisije nikatukana. Leo naandika kwa sababu muda wa kwenda mahakamani unatuishia.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2024, PCB (fizikia, kemia na biolojia), Daraja la Kwanza. Aliomba chuo kimoja cha umma, akachaguliwa, akathibitisha kwa ile namba inayotumwa kwenye simu, na mkopo akapangiwa. Barua ya udahili ikamtaka aje na vyeti halisi siku ya usajili, cha kidato cha nne kikiwemo. Cheti hicho kilikuwa kwenye kabati la shule ya binafsi aliyosoma zamani. Tulikuwa tunadaiwa ada shilingi 180,000, deni la mwaka ule mzee alipougua. Shule ikasema bila kumaliza deni, cheti hakitoki.

Sisi ni watu wa Newala. Aliyekulia Mtwara anajua hela yetu inaingia lini. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na baada ya mnada unasubiri chama cha msingi cha wakulima kikulipe. Kabla ya hapo unakopa chumvi dukani. Dirisha la usajili lilifungwa Ijumaa tarehe 8 Novemba. Malipo ya korosho yalisoma benki Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi mama alikuwa shuleni na hela mkononi, jioni kijana akapanda basi, na Jumanne tarehe 12 alisimama mbele ya dirisha la usajili na cheti chake halisi.

Wakamwambia nafasi yake imefutwa.

Na hakuwa mtoro. Siku ya kwanza ya usajili alikuwepo pale na karatasi ya matokeo yenye muhuri, pamoja na barua ya mkuu wa shule inayosema cheti kipo na kinashikiliwa kwa deni. Aliomba wiki moja tu. Dada aliyekuwa dirishani hakuisoma ile barua hadi mwisho, akamrudishia na kuita anayefuata.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Wakati wa kuomba chuo hakuna anayetuma cheti ili alama zake zijulikane. Unajaza namba yako ya mtihani, mfumo unayachukua matokeo moja kwa moja NECTA, Baraza la Mitihani. Chuo kilizijua alama za huyu mtoto, somo kwa somo, kabla hakijamchagua. Tena kilimchagua kwa sababu ya alama hizohizo! Sasa kile cheti kingewaambia nini wasichokijua? Kama mna shaka kakighushi, mna pa kuulizia. Sifa alikuwa nazo tangu matokeo yalipotoka. Kilichochelewa ni karatasi ya kuthibitisha sifa hizo, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hili silitungi mimi. Wakili mmoja wa ukoo wetu, aliyekaa nasi jioni tatu bila kutulipisha hata senti, alituonyesha kwamba Mahakama ya Juu ya India ililimaliza jambo hili mwaka 1980. Walikuwa madaktari wa Kerala walioomba masomo ya juu, diploma zao wamezipata kwa wakati ila uthibitisho ukafika baada ya tarehe ya mwisho. Jaji Krishna Iyer akasema cha lazima ni kuwa na sifa ndani ya muda, na ushahidi wa sifa unaweza kufuata. Mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ikamsimamia binti wa askari mstaafu aliyekuwa anaomba udaktari jimbo la Orissa. Ofisi iliyomtolea cheti ndiyo iliyokosea kukiandika, na kilichosahihishwa kikaja baada ya muda. Na tarehe 30 Septemba 2024, wiki sita tu kabla mdogo wangu hajarudishwa, iliamuru kijana wa kijijini, mtoto wa kibarua, arudishiwe nafasi yake IIT Dhanbad, chuo cha teknolojia. Alishindwa kulipa rupia 17,500 kabla ya saa 11 jioni siku ya mwisho. Mahakama ikaagiza aongezewe kiti chake ili asing'olewe mwanafunzi mwingine. Kwa hiyo msije hapa na hoja ya "nafasi zimejaa".

Hukumu za India haziwafungi majaji wetu, najua. Lakini hapa kwetu hata kufika mbele ya jaji ni kazi.

Tuliandika rufaa chuoni tarehe 13 Novemba. Jibu lina tarehe 3 Desemba, mistari miwili: umechelewa, omba mwaka ujao. Hakuitwa kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu maamuzi yanapogusa haki zake. Ibara ya 11 inataja haki ya kujielimisha, ila soma na ile ya 7(2): mambo ya sehemu hiyo mahakama haina nguvu ya kuyatekeleza. Niliposomewa hiyo nilinyamaza muda mrefu.

Ukitaka kufungua kesi ya madai dhidi ya taasisi ya umma, unatoa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Hesabuni wenyewe. Siku 90 kuanzia tarehe 3 Desemba zinaishia Machi, muhula wa kwanza umeshapita! Chuo kina dirisha la siku 12, mwananchi anaambiwa asubiri siku 90 kabla hata ya kufungua jalada.

Imebaki njia ya mapitio ya mahakama, yaani kumwomba jaji auchunguze uamuzi wa ofisi ya umma: unaomba kibali kwanza, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Yetu inaisha tarehe 3 Juni.

Wapo watakaosema aombe upya Julai. Ataomba. Lakini mwaka mzima amekuwa anapalilia mikorosho na kusoma madaftari ya zamani kwa tochi ya simu, wenzake aliowashinda darasani wako mwaka wa kwanza. Mama hajanunua hata kanga mpya toka alipe lile deni. Anajilaumu yeye, anasema angeuza mbuzi mapema. Mama yangu hana kosa lolote, na ninataka jaji aliseme hilo kwa maandishi.

Naomba msaada wa aliyewahi kuipita njia hii. Je, uliomba kibali Mahakama Kuu dhidi ya chuo ukapewa, au walikwambia hujamaliza ngazi za rufaa za ndani? Na je, barua ya mistari miwili iliyosainiwa kwa niaba ya msajili inahesabika kuwa uamuzi, au miezi yetu 6 inahesabiwa tangu siku ile ya dirishani, tarehe 12 Novemba? Kama ni hiyo ya pili, tumeshachelewa tena.