Mrejesho: programu ya bei nafuu ya kuchora bodi za saketi

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliwauliza programu gani ya kuchora bodi za saketi (vile vibao vyenye njia za shaba vinavyounganisha vipuri vya umeme) inafaa kwa fundi wa sola hapa Katuba, Lubumbashi, asiyeweza kulipia leseni kila mwaka.

Nimefuata ushauri wenu wa kutumia programu ya KiCad. Ni ya bure kabisa, haiwekei bodi yako kikomo cha ukubwa, na ukishaiweka kwenye kompyuta unachora bila intaneti. Kwetu ambao mega zinaisha haraka, hilo ni jambo kubwa! Menyu nimeziweka kwa Kifaransa. Aliyenitajia EAGLE, programu nyingine ya kazi hiyo, asante pia, ila ile ya bure iliishia bodi ya sentimita za mraba 80, na kampuni yake, Autodesk, ilitangaza kwamba mwisho wa EAGLE ni Juni 2026. Michoro ya EAGLE niliyopewa na rafiki, KiCad imeifungua.

Bodi ya kuchajia betri inafanya kazi. Nilichapa mchoro kwa printa ya leza, nikauhamishia kwenye shaba kwa pasi ya nguo, nikaitia kwenye kloridi ya feri, dawa inayokula shaba isiyofunikwa na wino. Njia za shaba zenye upana wa milimita 0.2 zililiwa na dawa, zikakatika hapa na pale. Za milimita 1 zilibaki nzima, kingo safi.

Bodi yenye shaba pande mbili bado imenishinda: matundu ya juu na ya chini hayakutani. Kwa sasa nachora upande mmoja na kuunganisha kwa vipande vya waya.

Mzee uliyeniambia nipime miguu ya relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwa kalipa, kile kipimo cha milimita, kabla ya kuchora, Mungu akubariki. Imeingia sawasawa.