Gumzo la familia: safari ya Julai na barua ya kuacha kazi

Mama: Wanangu, wifi yangu, na wewe mdogo wangu, habari za jioni. Mwaka unaisha, na kila mmoja amekuwa akiniambia mipango yake kwa simu, peke yake, kana kwamba wenzake hawahusiki. Naomba leo kila mtu aiandike hapa kwa ukamilifu, kwa sababu nimeanza kuona kwamba mipango ya mmoja inaigusa ya mwingine, hasa tukizingatia kwamba harusi ya Kaka itafungwa Ujerumani, anakoishi, katikati ya Julai na haitasogezwa.

Dada Mkubwa: Shikamoo Mama, shikamooni wote mliotangulia. Mpango wangu mnaujua kwa juu juu, ila sasa nimeukamilisha. Mwezi Januari nitawasilisha barua ya kuacha kazi, nitumikie muda wa notisi, kisha nianze kufanya uhasibu wa kujitegemea kwa wafanyabiashara wadogo ambao hawawezi kuajiri mhasibu wa kudumu. Wateja watatu wameshaniahidi kazi. Mwezi Julai tutakwenda wote harusini, na kwa kuwa nitakuwa bosi wangu mwenyewe sitahitaji kumwomba mtu likizo.

Kaka: Shikamoo Mama. Dada, nimefurahi kusikia umeamua, maana umelizungumza jambo hili kwa muda mrefu. Hata hivyo, naomba tuutazame huo mpangilio wa miezi kabla hujaandika barua. Ukiomba viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, Ujerumani ikiwemo, ubalozi utataka kuona sababu za wewe kurudi nyumbani, na kwa mtu aliyeajiriwa sababu inayoonekana kwa urahisi zaidi ni barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na likizo iliyoidhinishwa, pamoja na taarifa za benki za miezi ya karibuni zinazoonyesha mshahara huo ukiingia. Ukijiuzulu Januari utapoteza vyote viwili, na biashara yako itakuwa bado changa mno kushika nafasi yake.

Dada Mkubwa: Kwa hiyo aliyejiajiri hana haki ya kuhudhuria harusi ya mdogo wake?

Kaka: Anayo, na wengi waliojiajiri hupata viza. Wao hupeleka usajili wa biashara, kumbukumbu za kodi, mikataba ya wateja na mzunguko wa fedha wa miezi mingi. Wewe utakuwa na usajili wa miezi michache na ahadi tatu za maneno. Sisemi watakunyima, nasema utakuwa umechagua mwaka mgumu kuliko yote wa kuomba.

Mjomba: Hamjambo nyote. Nimekaa ofisi ya utumishi maisha yangu yote ya kazi, na barua za kuacha kazi nilizopokea zilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba mwandishi alifikiria siku ya kuondoka tu, bila kufikiria mambo yanayoitegemea ajira yake katika miezi inayofuata. Mikopo, bima ya matibabu, michango ya hifadhi ya jamii, likizo ambayo haijalipwa, yote hayo yana tarehe zake. Viza ni moja tu kati ya hayo. Mpwa wangu, mkataba wako unataka notisi ya muda gani?

Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba. Nadhani ni mwezi mmoja, ingawa nilipopandishwa cheo walinipa nyaraka nyingine ya kusaini.

Mjomba: Marahaba. Hiyo nyaraka nyingine ndiyo inayonitia wasiwasi. Mara nyingi anayepanda cheo huongezewa muda wa notisi, pengine hadi miezi mitatu, na huwekewa kifungu kinachomzuia kufanya kazi za wateja wa kampuni kwa kipindi fulani baada ya kuondoka. Kama wateja wako watatu waliwahi kuhudumiwa na mwajiri wako, tunapaswa kukisoma kifungu hicho leo, si Januari.

Kitinda Mimba: Shikamooni wote. Wakati Dada anatafuta, naomba niseme wangu. Naendelea na masomo ya Kijerumani, na nia yangu ni kusomea uuguzi kule kule kwa Kaka, kwenye ule mfumo wa mafunzo ya miaka 3 ambao mwanafunzi hulipwa huku akisoma na kufanya kazi hospitalini. Mafunzo mengi huanza kati ya Agosti na Oktoba, kwa hiyo nilifikiri niende na Mama harusini mwezi Julai, kisha nibaki huko moja kwa moja nisubiri kuanza. Tutaokoa nauli ya safari moja.

Kaka: Mdogo wangu, hapo nakukatalia. Viza ya matembezi inamruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na hairuhusu kazi. Anayekwenda kwa mafunzo huomba viza ya taifa, ambayo ni aina nyingine kabisa, akiwa bado nyumbani na akiwa na mkataba wa mafunzo mkononi. Ukiingia kama mgeni wa harusi huku moyoni umekusudia kubaki, kwa kawaida utarudishwa ukaombe upya, na zaidi ya hapo utakuwa umewadanganya maafisa ambao utawahitaji kwa miaka mitatu inayofuata.

Kitinda Mimba: Basi nitakosa harusi?

Kaka: Inategemea mtihani wako. Ukipata kiwango cha B1, yaani Kijerumani cha kati, mapema na hospitali ikakupa mkataba, heri uelekeze nguvu zote kwenye viza ya mafunzo, hata kama ina maana ya kufika baada ya harusi. Lakini usikidharau hicho kiwango. Taasisi ya Goethe, inayofundisha Kijerumani na kutoa mitihani yake, inakadiria masomo 350 hadi 650 ya dakika 45 kila moja ili mtu afike B1, na waajiri wengi katika uuguzi wanataka B2, kiwango cha juu yake. Jambo la kukupa moyo ni kwamba mtihani wa B1 umegawanywa katika sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na ukianguka sehemu moja unaweza kuirudia hiyo peke yake.

Shangazi: Hamjambo wanangu. Mtoto akifika Oktoba akiwa na mkataba, mimi nitaona amehudhuria harusi vizuri kuliko sisi tutakaokula na kurudi. Wangu ni mfupi: mwezi Machi nakwenda Ghana kumtembelea rafiki yangu tuliyesoma naye, na mwisho wa mwaka nastaafu. Sina barua ya kumwandikia mtu yeyote.

Kaka: Shikamoo Shangazi. Ghana wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kama ulichanjwa zamani, usichanjwe tena kwa sababu tu kadi imeandikwa miaka 10, maana tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote. Kama hujawahi, chanjwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri.

Shangazi: Marahaba. Kadi ninayo, ila jina lililoandikwa ni la kabla sijaolewa. Nitakwenda kulishughulikia.

Mama: Mimi nilidhani sina la kuulizwa, kwa kuwa pasipoti yangu itaisha Septemba na harusi ni Julai.

Kaka: Mama, samahani, hiyo haitoshi. Pasipoti inatakiwa iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku uliyopanga kuondoka katika nchi za Schengen. Ukiondoka mwishoni mwa Julai, inapaswa kufika angalau mwishoni mwa Oktoba. Tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Anza kuibadilisha sasa, kwa sababu maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na huko kwenye kupata miadi ndiko watu wanakokwama, hata kama uamuzi wenyewe kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kurefushwa hadi 45.

Mama: Na gharama zangu za huko? Sitaki waone nimebeba pochi nyembamba.

Kaka: Nitakwenda ofisi ya wageni ya hapa nisaini hati ya kujitwika gharama zako. Sitaichukua mapema mno, kwa kuwa inatakiwa itumike kuombea viza ndani ya miezi 6. Bima ya safari utanunua huko, mradi ifike angalau euro 30,000 na ikubalike katika nchi zote za Schengen.

Dada Mkubwa: Nimeipata ile nyaraka. Notisi ni miezi mitatu, na kifungu alichokitaja Mjomba kipo. Mteja mmoja kati ya watatu aliwahi kuwa wa kampuni. Hapa sasa nina swali ambalo si la tarehe tu. Nikichukua barua ya mwajiri inayosema mimi ni mfanyakazi wao, huku nikijua kwamba mwaka huo huo nitaondoka, je, si udanganyifu ule ule ambao Kitinda amekatazwa?

Mjomba: Ni swali zuri, na tofauti ipo. Barua ya mwajiri inasema wewe ni mwajiriwa, umepewa likizo na unatarajiwa kurudi kazini. Kama siku ya kuomba viza, siku ya kusafiri na siku ya kurudi yote hayo bado ni kweli, hujamdanganya mtu, kwa sababu utarudi nyumbani na utarudi mezani kwako. Ukiwasilisha barua ya kuacha kazi katikati, hapo barua ya mwajiri inageuka kuwa uongo uliosainiwa na mtu mwingine kwa ajili yako. Mimi ningejiuzulu Agosti, notisi iishe Novemba.

Dada Mkubwa: Mjomba, naelewa, ila Agosti inanila zaidi ya nusu mwaka, na wateja hawasubiri. Nimeshaahirisha kwa ajili ya kila jambo la familia.

Mama: Mwanangu, hilo ni kweli, na sitakulazimisha. Harusi isiwe sababu ya wewe kuzeeka kwenye kiti usichokitaka.

Dada Mkubwa: Basi nitakubali Agosti kwa masharti mawili. La kwanza, tarehe iandikwe hapa leo na asitokee mtu wa kuniletea jambo jipya: barua nitaipeleka tarehe 3 Agosti. La pili, kuanzia sasa hadi hapo niruhusiwe kutumia wikendi zangu kusajili biashara, kufungua akaunti yake na kutengeneza mfumo wa hesabu, bila kuitwa kwenye vikao vya maandalizi. Yule mteja wa kampuni nitamwacha.

Mjomba: Usajili hauna tatizo ikiwa mkataba haukukatazi kuwa na shughuli ya pembeni, na hilo bado hatujaliona. Nitumie mkataba wote pamoja na ile nyaraka ya kupandishwa cheo usiku huu, si ukurasa wa mshahara peke yake.