Futari ya shule nzima: mwenyekiti anataka hotuba kabla ya adhana

Katibu_Mdogo

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, katibu wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu shuleni kwetu. Ramadhani hii mkuu wa shule ametukubalia tufuturishe shule nzima: waliofunga na wasiofunga, walimu, wapishi, walinzi, na wazazi watakaopenda kuja. Tunategemea watu kama 200. Ukumbi upo na michango inaingia. Kinachoniumiza kichwa ni ratiba.

Kamati imepanga hivi: watu wakae saa nzima kabla ya Magharibi, isomwe Qur'ani, azungumze mkuu wa shule, azungumze mgeni rasmi, wadogo zetu waimbe kaswida, litolewe neno la shukrani, ndipo adhana itukute. Mwenyekiti anasema watu wakishashiba hawasikilizi hotuba. Mimi nasema wenye njaa ndio hawasikilizi kabisa, wanaangalia saa tu. Kura zimegawanyika.

Kuna mengine mawili. Marafiki zetu Wakristo wanauliza kama wafunge siku hiyo ili waje kwa heshima. Na dada mmoja wa kamati kaninong'oneza kuwa wapo wasichana wasiotaka kuja kwa kuogopa kuulizwa "leo umefunga?" Mimi mvulana, hilo nitalifikishaje kikaoni?

---

Mlezi_Mstaafu

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimelea jumuiya za wanafunzi mpaka mvi zikanitoka, na hotuba za kabla ya futari nimezisikiliza nyingi kuliko zinazonitosha. Uko sahihi. Mwambie mwenyekiti wako Mtume (s.a.w.) amesema watu hawataacha kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu. Mgeni rasmi akinogewa na maneno adhana ikamkuta katikati, nani atamnyamazisha? Wewe? Utamwangalia tu huku watu wanameza mate.

Fanyeni hivi. Robo saa kabla ya Magharibi kila mtu awe amekaa, tende na maji viko mbele yake. Si kwenye meza moja pembeni, mbele yake. Watu 200 wakiinuka pamoja kufuata tende, dakika kumi zimekwenda. Qur'ani isomwe hapo, aya chache, na mtu mmoja aseme kwa sentensi mbili kitakachofuata ili wageni wasibabaike. Adhana, tende, maji, dua. Kisha swala. Kisha chakula. Mkuu wa shule azungumze watu wanapokaribia kumaliza kula, na atazungumza kwa ufupi maana na yeye atakuwa ameshiba.

Sasa swala, ambayo ratiba yako haijaitaja hata kidogo. Magharibi haina nafasi ya kungoja sana, na kinachochelewesha si swala yenyewe bali udhu. Hesabuni mabomba mliyonayo. Kama ni machache, mwaliko useme wazi: njooni mkiwa na udhu. Kibla kipimwe mchana na safu zichorwe kwa chaki au utepe, msije mkaanza kubishana gizani. Viatu vipangiwe mlango mmoja na chakula kipite mlango mwingine. Nimeona sufuria la moto likipita juu ya rundo la viatu, sitaki kulisimulia.

Tarehe nayo. Msichague mwishoni mwa mwezi. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, hivyo jioni ya siku ya 29 inaweza kugeuka kuwa usiku wa Idi, na kumi la mwisho wengi wako kwenye ibada na itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada. Wiki ya pili inafaa: watu wameshauzoea mwezi na bado hawajachoka. Tena saa ya Magharibi muichukue kwenye jedwali la siku hiyohiyo. Shughuli ikiahirishwa kwa wiki, saa iliyochapwa kwenye kadi inaweza isiwe sahihi tena.

Kumbukumbu zenu za mwakani ziandikeni kwa tarehe za Hijria, kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Kamati zikiendelea kunakili tarehe yenu, baada ya miaka miwili zinaweza kufuturisha watu ndani ya Shawwal, mwezi wa baada ya Ramadhani.

---

Dada_wa_Upawa

Kaka katibu, usilifikishe kikaoni. Ukilisema pale litajadiliwa, na likijadiliwa ndiyo fedheha yenyewe. Liondoe kimyakimya kwenye karatasi.

Natumaini fomu yenu ya kujiandikisha haina kisanduku cha "nimefunga / sijafunga". Kama kinacho, kifute. Jikoni tunahitaji idadi ya sahani tu. Msichana aliye hedhini hafungi, na siku zake atazilipa baadaye; mgonjwa ana ruhusa yake, msafiri ana yake. Hakuna hata mmoja wao anayedaiwa maelezo na kamati ya futari.

Halafu kuna ile dakika ya swala. Wote wanasimama kwenye safu, na wewe usiyeswali unabaki umekaa peke yako kwenye viti kama mzigo uliosahauliwa. Hapo ndipo macho yanapokuja. Sisi tuliunda kundi la kupakua, likichanganya wavulana, wasichana, Waislamu na wasio Waislamu, na kazi yake inaanza pale swala inapokimiwa, yaani inapotangazwa kuanza. Mwenye udhuru anajiunga bila kuuliza wala kuulizwa, na wavulana Waislamu wa kundi wanaswali pamoja kwa jamaa ya pili baadaye. Faida nyingine: watu wakitoa salamu, chakula kiko mezani.

---

Mgeni_Mwalikwa

Mimi ni Mkristo, nilialikwa kwenye futari ya namna hii nikiwa mwanafunzi. Kuhusu kufunga: waambieni marafiki zenu si sharti. Anayependa kujaribu ajaribu, lakini msilitangaze kama shindano la kuona nani ataweza. Darasani kwetu lilitangazwa hivyo, na wiki nzima gumzo lilikuwa nani kaonekana bombani.

Tulichohitaji ni kuambiwa mapema mambo madogo. Nivae nini? Nikikuta tende mbele yangu nile au ningoje? (Ngojeni, andikeni hivyo kwenye kadi. Jirani yangu alishatema kokwa kabla ya adhana, maskini, na hakuna aliyekuwa amemwambia.) Wakati wa swala nikae, nitoke, au nisimame? Picha zinaruhusiwa? Na tafadhali tukalisheni tukiwa tumechanganyika. Sisi tulipangiwa meza ya "wageni" na walimu wetu, tukafuturu na watu walewale tuliokula nao mchana.

---

Katibu_Mdogo

Allah awalipe. Fomu ilikuwa na kisanduku, nimeshakifuta, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kundi la kupakua limejaa tayari. Mwenyekiti amekubali hotuba zihamie baada ya chakula kwa sharti kwamba kaswida ibaki kabla. Nimempa dakika tano. Kura ya mgeni rasmi bado.

Swali la mwisho: chakula kikibaki? Na michango ikizidi?

---

Mlezi_Mstaafu

Chakula msingoje kibaki. Vyombo vya kufungia viwepo tangu mwanzo, na wajulikane mapema watakaopelekewa, kwa sababu saa nne usiku hamtampata wa kumpa. Ambacho hakijaguswa kipelekwe, kilichokwisha kuchotwachotwa mezani kisipelekwe kwa mtu.

Michango ikizidi, waulizeni watoaji kama ibaki kwa futari ya mwakani au ielekezwe kwingine. Ila hakikisheni mnachopokea ni sadaka. Zaka, ile ya faradhi, ina watu wake 8 waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na mkuu wa shule wala mgeni rasmi hawamo. Mtu akiwapa zaka ili mnunulie chakula cha ukumbi mzima, mrudishieni au mwelekezeni kwa wanaostahiki.

---

Katibu_Mdogo

Subiri kwanza. Kuna bahasha ya mzazi mmoja imeandikwa "zaka" juu, na mweka hazina kesho asubuhi anakwenda kununua tende. Ngoja nimpigie.