Kura ya Beni, Desemba 2018: je, kuiahirisha kulikuwa halali?

Swali
Ndugu zangu, siku chache kabla ya uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura ya miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa nchi, hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali Rais mpya aliapishwa Januari 24. Je, sheria inaruhusu hilo?

Jibu la kwanza
Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinakubali vizuizi vyenye sababu ya msingi tu. Maradhi yanaweza kuwa sababu ya kusogeza siku. Lakini kura ya urais ambayo tarehe yake inafika baada ya Rais kuapishwa haijasogezwa, imefutwa.

Jibu la pili
Naunga mkono. Siku ile watu wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono kujikinga na Ebola, kisha wakapiga kura yao ya mfano, isiyo rasmi. Walionyesha kwamba tahadhari na kura vinaweza kwenda pamoja.

Jibu la tatu
Ndugu, mzizi uko nyuma zaidi. Kifungu cha 73 cha Katiba kinataka uchaguzi uitishwe siku 90 kabla ya muhula wa Rais kwisha, lakini Mei 2016 Mahakama ya Katiba iliegemea Kifungu cha 70, ikasema Rais abaki hadi mrithi apatikane. Hivyo Rais wa wakati huo, Joseph Kabila, akaongeza miaka miwili madarakani.