Simba wa Geti Jeusi

Kikundi: MAJIRANI MKOROSHINI (matangazo ya biashara Ijumaa tu)

JUMATATU

[05:41] Mzee Shomari: Assalaam alaykum. Nani ana namba ya mwenye geti jeusi? Mbwa wake wamenikatia njia tena pale bondeni. Mmoja kanipakaza mate kwenye kanzu. Nimerudi nyumbani nimeiosha mara saba, moja kwa udongo. Nafika msikitini imamu anatoa salamu.

[05:48] Mama Maandazi: Waalaykum salaam. Shikamoo baba, pole sana. Mie tangu Ijumaa nazungukia kwa Mangi. Ndoo kichwani, mbwa watano mbele, nikimbilie wapi?

[05:50] Baba Careen: Watano? Juzi walikuwa wawili.

[05:52] Mama Maandazi: Watano, nimewahesabu. Yule wa kahawia ndiye kiranja wao.

[05:53] Baba Careen: Huyo ndiye Simba.

[05:53] Juma Boda: Simba gani tena, wa kukimbizwa na Yanga 😂

[05:55] Mama Careen: Juma, hiki si kikundi cha mpira.

[06:31] Mama Nuru: Jamani Sudi kaumwa

[06:32] Dada Salome: Pole mama, homa imerudi?

[06:32] Mama Nuru: KANG'ATWA. MBWA. Anaenda kusubiri gari la shule

[06:33] Mama Nuru: shavu la mguu damu inatoka

[06:33] Nesi Rehema: Mama Nuru usiondoke kwanza. Maji na sabuni SASA HIVI. Fungua bomba, mguu uwe chini yake, osha dakika 15. Tazama saa, usikadirie.

[06:34] Mama Nuru: Bomba halitoki toka jana

[06:34] Nesi Rehema: Chota kwenye jaba. Mmoja amwage kwa kata bila kukatisha, mwingine asugue kwa sabuni. Sabuni ya kufulia inatosha.

[06:36] Mama Nuru: Bibi yake anasema pilipili na majivu

[06:36] Nesi Rehema: Mwambie bibi shikamoo, na aviache jikoni. Hakuna majivu, hakuna mafuta ya taa, hakuna jiwe la nyoka. Usikifunge kwa kukaza. Mkimaliza kuosha, hospitali.

[06:37] Juma Boda: Mama Nuru nipo getini kwako, nimeshawasha.

[07:02] Baba Careen: Sasa nasema wazi. Leo usiku kilo moja ya utumbo na sumu ya panya, kesho mtaa umetulia.

[07:03] Fundi Gereji: Nachangia elfu mbili.

[07:03] Mama Maandazi: Na mie elfu moja.

[07:04] Dada Salome: Huyo aliyemng'ata Sudi awe wa kwanza.

[07:09] Mangi Dukani: Sumu ninayo lakini siuzi kwa kazi hiyo. Kuku wangu wanazurura hapo hapo.

[07:10] Baba Careen: Wafungie kuku wako!

[07:11] Mangi Dukani: Ndiyo hayo tunayomwambia mwenye mbwa, sivyo?

[07:12] Ujumbe huu umefutwa

[07:40] Mwenyekiti wa Mtaa: Ndugu wananchi habari za asubuhi. Nimepokea taarifa kwa masikitiko. Mtu yeyote asichukue hatua mkononi. Namuongeza humu afisa mifugo wa kata.

[07:41] Mwenyekiti wa Mtaa amemuongeza Dokta Mifugo

[07:58] Dokta Mifugo: Habari zenu. Mama wa mtoto pole sana. Swali moja kabla ya yote: mbwa aliyeng'ata anajulikana?

[07:59] Baba Careen: Anajulikana sana. Simba wa geti jeusi. Leo ndiyo mwisho wake.

[08:00] Dokta Mifugo: Basi sikilizeni kabla hamjanunua utumbo. Huyo mbwa tunamhitaji HAI.

[08:00] Fundi Gereji: ???

[08:04] Dokta Mifugo: Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate. Kirusi kikishafika kwenye mate, mbwa hamalizi siku kumi akiwa mzima: anaugua, anafa. Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata anafungwa, anaangaliwa siku 10. Siku ya kumi akiwa anakula na kubweka kama kawaida, siku ile aliyong'ata mate yake hayakuwa na kichaa. Mkimuua leo na kumtupa dampo mmetupa jibu la huyu mtoto. Hata akifa mwenyewe msimzike, nipigieni, kichwa chake kinatakiwa maabara.

[08:05] Mama Careen: Kwa hiyo Sudi asubiri siku kumi ndiyo achomwe?

[08:06] Nesi Rehema: Hapana! Anaanza leo leo. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna hospitali ya kumrudisha. Kumwangalia mbwa ni kazi ya pembeni, sindano haisubiri.

[08:07] Dokta Mifugo: Nesi kanimalizia. Na ndugu wa sumu: kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Utumbo mliotega ukiokotwa na mtoto, au paka akaufia kwenye tanki la maji la jirani, tutaonana mahali pengine.

[08:09] Baba Careen: Sawa dokta. Lakini hawa wengine wanne?

[08:15] Dokta Mifugo: Ukiua wanne, mwezi ujao watahamia wengine kutoka bonde la pili, maana mifupa ya bucha bado ipo pale pale. Nao hujui kama wamechanjwa. Kichaa kinazuiwa kwa kuchanja mbwa wengi, angalau 70 katika kila 100.

[08:17] Mzee Shomari: Ni kweli hayo. Kwetu Pemba walichanja kisiwa kizima.

[08:18] Dokta Mifugo: Naam mzee. Ugonjwa ukaondoka, ukaingia tena 2016, wakarudi kuchanja ukaondoka tena. Bila kumaliza mbwa.

[10:26] Mama Nuru: Tumehangaika. Tulipoanzia chanjo hakuna. Hapa pa pili ipo, nimelipa elfu thelathini sindano moja. Kachomwa na ya pepopunda. Kadi imeandikwa leo, siku ya 3, ya 7 na ya 14.

[10:27] Nesi Rehema: Jeraha lilitoka damu. Umeulizia ile dawa inayochomwa pale pale kwenye kidonda?

[10:29] Mama Nuru: Wanasema hawana.

[10:30] Nesi Rehema: Nitakupigia, nakuulizia kwingine. Tarehe za kadi usizipishe hata moja.

[10:31] Mama Nuru: Sudi anauliza kama mbwa atapigwa. Analia kwa hilo kuliko sindano 😭

[13:12] Baba Collins (Geti Jeusi): Habari jamani. Nipo Dodoma kikazi, nilikuwa kwenye kikao, naona ujumbe 140. Mbwa wangu hawang'ati mtu. Wanalindwa ndani ya geti na wana chanjo. Tusisingiziane.

[13:13] Mama Maandazi: Hawang'ati mtu 🤲🏾

[13:13] Fundi Gereji: Labda Sudi ndiye aliyemng'ata Simba.

[13:14] Dokta Mifugo: Ndugu, kadi ya chanjo tunaomba picha.

[13:40] Baba Collins (Geti Jeusi): 📷 Picha

[13:42] Dokta Mifugo: Hii ni ya 2021. Chanjo ya kichaa inarudiwa. Hapa kwetu tunawarudia kila mwaka.

[13:51] Mlinzi Geti Jeusi: Shikamooni wakubwa. Samahani naomba kuongea.

[13:51] Mlinzi Geti Jeusi: Geti nafungua mimi, saa nne usiku. Bosi samahani. Dona ya mbwa iliisha tarehe 12 na dagaa pia. Nimetuma ujumbe mara tatu. Nikiwafungia wanalia usiku kucha, majirani wananipigia mawe kwenye bati. Nikiwafungulia wanaenda bucha kuokota, wanarudi alfajiri.

[13:52] Baba Careen: 👀

[13:53] Mzee Shomari: Alfajiri ndiyo hiyo wananikuta mimi.

[13:55] Mlinzi Geti Jeusi: Na hawa watatu wengine si wetu. Wanamfuata jike wa gereji.

[13:56] Fundi Gereji: Jike wangu kafanyaje?

[13:58] Dokta Mifugo: Yuko kwenye joto?

[14:06] Fundi Gereji: Sijui dokta. Kwani nitajuaje

[14:07] Dokta Mifugo: Ukiona madume watano nje ya gereji yako, ndivyo unavyojua. Mfungie ndani wiki tatu. Madume wakigombania jike hata aliye mpole nyumbani hageuki kukutazama wewe ni nani. Leta pia tuzungumze kuhusu kumfunga kizazi.

[14:08] Baba Careen: Fundi, ile elfu mbili yako ya sumu nunulia mnyororo.

[14:30] Baba Collins (Geti Jeusi): Nimezungumza na kijana. Nakiri. Dona na dagaa zinaletwa jioni na boda. Simba anafungwa bandani kuanzia sasa. Mama Nuru naomba namba yako ya kupokelea pesa, gharama za sindano zote ni zangu, na nauli. Unisamehe mama. Nilipaswa kukupigia wewe kabla ya kujitetea humu.

[14:44] Mama Nuru: Nimekutumia. Pesa nitapokea. Kusamehe nipe siku kumi.

JUMANNE

[06:02] Mlinzi Geti Jeusi: Siku ya 1. Amekula sahani nzima. Amebweka gari la taka.

[06:10] Mama Careen: Dokta, watoto wakikutana na mbwa wafanye nini? Wangu wanatimua mbio.

[06:25] Dokta Mifugo: Kukimbia ndiko kunakomwita. Wasimame kama nguzo, mikono kifuani, wasimkazie macho, wasipige kelele. Akipoa warudi nyuma polepole, mgongo wasimpe. Begi la shule liwe mbele, akirukia ang'ate begi. Akishaanguka mtoto ajikunje, mikono ifunike shingo na masikio.

[06:27] Juma Boda: Mimi nikiinama tu kama naokota jiwe wanapotea.

[06:29] Dokta Mifugo: Kwa mtu mzima inasaidia, mbwa wetu jiwe wanalijua. Mtoto asiiname, uso unashuka mpaka usawa wa meno. Na nyie wa boda mkikimbizwa punguzeni mwendo, msiongeze. Wengi wanaumia kwa kuanguka.

[06:30] Juma Boda: Hilo la kupunguza dokta utanifundisha ukiwa umekaa nyuma yangu.

ALHAMISI

[09:15] Mama Nuru: Sindano ya pili tayari. Hakulia. Ameniambia nimuulize mlinzi Simba amekula nini.

[09:21] Mlinzi Geti Jeusi: Siku ya 3. Ugali wa dona, dagaa. Mwambie Sudi anamsalimia.

[09:22] Mama Nuru: Asimsalimie.

IJUMAA

[07:00] Mama Maandazi: Leo Ijumaa natangaza kwa haki: maandazi ya iliki, vitumbua, oda mwisho saa mbili.

[17:30] Mwenyekiti wa Mtaa: Ndugu wananchi, kesho saa 3 asubuhi ofisi ya serikali ya mtaa, chanjo ya mbwa na paka. Mbwa aje na kamba, aletwe na mtu anayemuweza, si mtoto. Mwenye bucha ameandikiwa barua, mifupa ipelekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Aidha, yeyote atakayekutwa na mbwa nje bila mtu ataitwa ofisini.

[17:41] Dokta Mifugo: Simba asiletwe. Hachanjwi mpaka siku zake ziishe.

JUMAMOSI

[06:20] Mlinzi Geti Jeusi: Siku ya 5. Dokta, leo hajagusa chakula.

[06:20] Mama Nuru: Ati nini

[06:21] Mama Careen: Yesu wangu

[06:22] Nesi Rehema: Mama Nuru tulia. Sudi ameshachomwa mbili.

[06:23] Dokta Mifugo: Mlinzi, usiingie bandani. Anadondosha mate? Anayumba? Sauti imebadilika? Anang'ata mabanzi?

[06:26] Mlinzi Geti Jeusi: Hapana. Amelala chali. Tumbo kubwa.

[06:27] Dokta Mifugo: Maji anakunywa?

[06:28] Mlinzi Geti Jeusi: Amemaliza bakuli. Chini kuna mifupa mingi sijui imetoka wapi. Na vichwa vya sato.

[06:35] Baba Careen: Ni mimi. Jana usiku nilipita.

[06:35] Dada Salome: Wewe wa utumbo na sumu???

[06:36] Baba Careen: Si dokta kasema tunamhitaji hai! Nikaona dona peke yake itamtia udhaifu, tukose jibu.

[06:37] Mama Careen: Nami nilitafuta vichwa vya samaki nyumba nzima 😡

[06:40] Dokta Mifugo: Ndugu zangu, mgonjwa wangu ameshiba. Msimlishe wengine, tafadhali, nahitaji kujua anapokosa hamu.

[12:50] Mwenyekiti wa Mtaa: Wamechanjwa mbwa 43 na paka 11. Paka mmoja kaletwa kwenye kikapu cha mkaa, katoka, bado tunamtafuta. Jike wa gereji ameshiriki.

[12:52] Fundi Gereji: Ameshiriki na madume wawili nyuma yake. Wote wamechomwa.

ALHAMISI

[05:20] Mzee Shomari: Assalaam alaykum. Leo nimepita bondeni, kimya. Nimewahi safu ya kwanza.

[06:00] Mlinzi Geti Jeusi: Siku ya 10. Amekula yote. Amebweka. Ametikisa mkia.

[06:01] Dokta Mifugo: Alhamdulillah. Saa nne nakuja kumpima mwenyewe, kisha namchanja. Mama Nuru nenda na taarifa hiyo kwa daktari wako, yeye ndiye atakayesema kuhusu ile ya siku ya 14.

[06:02] Mama Nuru: Asante dokta. Asanteni wote. Baba Collins, siku kumi zimeisha. Nimekusamehe, lakini ukuta wako una tundu upande wa mkorosho, zibeni.

[06:05] Baba Collins (Geti Jeusi): Fundi anakuja leo mama. Asante sana.

[06:06] Mlinzi Geti Jeusi: Sasa bosi, nimfungulie?

[06:06] Baba Careen: HAPANA

[06:06] Mama Maandazi: Hapana!

[06:06] Mzee Shomari: La.

[06:06] Mangi Dukani: Hapana kaka

[06:07] Mama Nuru: Thubutu.

[06:07] Juma Boda: Simba abaki golini 😂

[06:08] Mama Careen: Juma.